Unasihi wa Juu ya Dungu

Wenzangu wa malezi na unasihi, nimestaafu. Bado sijalizoea neno hilo, na kila nikilitamka nacheka peke yangu. Asubuhi ya leo nimeamka hapa kwangu Mlabani, nikasikia kengele ya shule, nikavuta shuka nikageukia ukutani. Raha niliyoipata hapo siwezi kuieleza, mtaijua zamu yenu ikifika.

Binti aliyepokea kazi yangu, mchangamfu, ana shahada ya saikolojia na kompyuta ya kukunja, aliniuliza siku ya makabidhiano, "Madam, hivi ulikuwa unajuaje kama unasaidia?" Nikamjibu kwamba nitamwandikia, maana wali ulikuwa unapoa na swali lilikuwa refu. Basi naandika. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara mnaijua.

Nilipewa kazi hii kwenye kikao cha walimu nikiwa nimetoka kwenda msalani. Niliporudi, watu wakapiga makofi. Nilidhani wananitania kwa kuchelewa, nikapunga mkono na kukaa. Mkuu wa shule wa wakati huo, mtu mpole mwenye haraka ya kufunga vikao, akasema, "Madam Salome, kuanzia leo malezi na unasihi ni vyako. Hongera sana." Nilikuwa nafundisha Jiografia tangu kidato cha kwanza hadi cha nne, na hakuna kipindi hata kimoja kilichopungua.

Ofisi yangu ilikuwa stoo ya michezo. Nilikaa na nyavu za mpira wa wavu, jezi zisizo na namba, na mipira iliyoishiwa upepo. Kesho yake Mkuu akasimama mstarini, mbele ya shule nzima, akatangaza kwa sauti ya furaha, "Wenye matatizo wote waende kwa Madam Salome!" Alinitakia mema. Lakini tangu siku ile hakuna mwanafunzi aliyethubutu kusogelea mlango wangu. Binti akikatiza tu pale karibu, wenzake wanaanza, "Mh! Huyo ana nini?" Na mnajua walikuwa wanafikiria ana nini. Muhula mzima nilikaa ndani ya stoo nikisubiri wenye matatizo, na kwa kuwa mikono haikuzoea kukaa bure, nikawa najaza mipira upepo. Timu yetu ilifanya vizuri sana mwaka ule.

Nilikwenda kulia kwa Mwalimu Theodora, mama mmoja aliyefanya kazi hii kabla yangu na aliyekuwa amestaafu, akiishi nyuma ya soko. Nilimwambia sina kipaji. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa pindo la kanga.

"Kipaji unacho, mwanangu," akasema. "Hawa watoto hawana kisingizio cha kuja kwako. Nani atajitokeza hadharani eti ana matatizo? Mwombe Mkuu vitu vyote vinavyookotwa shuleni viletwe kwako."

Nikafanya hivyo. Ndani ya wiki chache stoo ilijaa masweta, rula, vijiko vya chakula cha mchana, soksi za mguu mmoja mmoja, na viatu ambavyo sikuelewa mwenye navyo alifikaje nyumbani. Mwanafunzi akiulizwa anakwenda wapi, anajibu, "Natafuta sweta." Nani atamcheka? Walikuja kutafuta masweta, wakachelewa kutoka. Wengine walitafuta masweta ambayo walikuwa wameyavaa, na hao niliwaingiza ndani mara moja, nikafunga mlango na kuwawekea kiti. Viti nilivipanga ubavu kwa ubavu, vyote vikitazama dirishani, kwa sababu mtu akitazama miti ya nje mdomo wake unalegea. Mbinu hiyo nayo ni ya Mwalimu Theodora.

Mkuu naye aliniuliza siku moja, "Yule aliyetoka analia ni nani, na amekuambia nini?" Nikamwambia, "Mkuu, nikikutajia jina, kesho nitabaki na mipira." Alijikuna kichwa, akaenda zake, wala hakuniuliza tena maisha yake yote. Nawaambia ukweli, jambo hilo moja lilinipa nguvu kuliko semina nilizokwenda Morogoro. Mnaweza kuwa na shahada ukutani, lakini kama mkuu wenu anadai majina, mtajiona hamna maana ifikapo Aprili.

Kulikuwa pia na Mwalimu Kihwelo, wa Kiingereza na nidhamu, mtu mwenye sauti kubwa na moyo laini alioufanya siri. Tulikubaliana kwamba akimkuta mtoto amechelewa au anasinzia, kabla hajagusa fimbo amtume kwanza kwangu kutafuta sweta. Mnajua wanavyoishi watoto wetu. Mvua zikikolea wazazi wanahamia mashamba ya mpunga huko bondeni, na wanafunzi wanabaki mjini kwenye mageto, vyumba vya kupanga, wakijipikia na kujiamsha wenyewe. Kusinzia kwa mtoto kama huyo siyo utovu wa nidhamu. Kihwelo alilielewa hilo haraka, ila aliniomba nisimwambie mtu kwamba amelielewa.

Mpaka hapo nilikuwa na mlango, viti, Mkuu na Kihwelo. Kilichokosekana ni kujua. Mwalimu wa Hisabati anaona alama zimepanda, anatembea kifua mbele. Mimi naona mtoto amefunga mlango na kwenda zake, basi. Nilikuwa narudi nyumbani nikijiuliza kama nimetibu mtu au nimempotezea tu kipindi cha Baiolojia.

Sasa niwape habari za Nyamizi.

Nyamizi alikuwa kidato cha tatu, binti wa familia ya wafugaji wa Kisukuma waliolima mpunga ng'ambo ya Kisawasawa, kuelekea mtoni. Maandishi yake yalikuwa safi na mitihani alifaulu, lakini darasani hakufungua mdomo. Akiulizwa swali alisimama, akatazama viatu, akakaa. Alikuja kwangu mara kadhaa kutafuta rula, na kila mara nilimshauri. Jamani, nilimshauri! Nilimweleza kujiamini, nilimweleza umuhimu wa elimu, nadhani hata usafi wa meno niliugusa. Nilikuwa naongea vizuri mpaka mimi mwenyewe najipenda. Mwisho anasema, "Sawa, madam," anachukua rula, anaondoka.

Mwezi wa tano, mpunga ulipoanza kuiva, hakuonekana tena. Mwenzake wa geto akaniambia baba yake alikuja kumchukua. Mavuno yakiisha familia ingehamia Mlimba na ng'ombe, na Nyamizi angekwenda nao moja kwa moja. Nikapiga simu ya mzee, haikupatikana. Nilikuja kujua baadaye kwamba inapata mtandao akiwa juu ya kichuguu kimoja tu, na alikuwa anakipanda Jumapili. Binti alikuwa anatutoka hivi hivi tunaona, na jina lake lingefutwa kwa utoro.

Jumamosi nikapanda basi dogo hadi Kisawasawa, kisha bodaboda hadi pikipiki ilipogoma, kisha miguu na viatu mkononi. Mimi ni mzaliwa wa Sanje, matope ya majaruba nayajua, ila tulikuwa tumepotezana siku nyingi.

Baba yake, Mzee Masalu, alikuwa mrefu, amevaa kofia pana, amesimama kwenye tuta. Nikamwamkia kwa lugha yao, "Mwangaluka, baba." Akafurahi mno, akaitikia, kisha akaendelea kwa Kisukuma kwa muda mrefu, akitikisa kichwa na kucheka. Mimi nilikuwa nimeshamaliza Kisukuma changu chote. Nilicheka alipocheka.

"Karibu, mwalimu," akasema mwishowe kwa Kiswahili. "Najua umefuata nini. Nami nikuulize kitu kimoja. Huyu mtoto, huko shuleni kwenu, anaongea?"

"Haongei sana, mzee."

"Haya. Msikilize huku."

Katikati ya shamba palikuwa na dungu, kile kichanja kirefu cha miti cha kuamia ndege. Juu yake alisimama Nyamizi na kombeo mkononi, na sauti yake ilisikika bonde zima. "Haooo! Tokeniii! Hamna hayaaa! Jana mmekula, leo tenaaa?"

Mzee Masalu alinitazama kwa utulivu. "Sasa, mwalimu, mgonjwa ni mtoto au ni shule?"

Semina zilinipa hatua za mazungumzo na mzazi, na nilikuwa nimezikariri ndani ya basi. Hakuna hatua iliyokuwa na jibu la swali lile. Nikaanza kumweleza mambo ya maisha ya baadaye, akainua kiganja taratibu.

"Usimwombee wewe. Ninyi walimu mnajua kuongea. Nitakubali, halafu nitakuta nimekubaliana na wewe, siyo na yeye. Kama anataka shule, aniambie mwenyewe, kwa mdomo wake. Leo. Asiponiambia, tunakwenda naye Mlimba." Akanikabidhi debe na kijiti. "Na hapa shamba, mwenye mikono hakai bure. Jioni tunamaliza." Akaondoka zake kwenda kuamia kipande chake kingine, kule chini karibu na mto, mashamba ya watu kadhaa kutoka pale.

Nikapanda dungu. Wanasihi, mnaofundishwa chumba tulivu, sauti ya chini na macho ya upole, sikilizeni jinsi unasihi ulivyokwenda siku ile.

"Nyamizi," nikasema kwa sauti ya chini, "naomba uniambie unajisikiaje kuhusu…"

"Madam, waleee!"

Kundi la kweleakwelea likashuka. Nikapiga debe kwa nguvu zote, Nyamizi akazungusha kombeo, tukapiga kelele mpaka wakanyanyuka. Nikafuta jasho. "Nilikuwa nakuuliza, unajisikiaje…" "Kushoto, madam!" Debe. Kelele. Ndege. Nilipata nafasi ya kumaliza sentensi yangu nikiwa nimeshasahau ilianzaje.

Lazima niwaambie desturi ya pale. Ukiwafukuza ndege kwako, wanahamia kwa jirani, kwa hiyo huwanyamazii. Unapaza sauti kwa jirani, naye anaipokea kama ilivyo na kumpelekea wa mbele yake, dungu hadi dungu, mpaka shamba la mwisho. Jirani mwema haachi kelele ife kwake, hata kama alikuwa anakula.

Kwenye utulivu mdogo wa karibu na mchana, Nyamizi akaniuliza, "Baba amesemaje?"

"Anataka umwambie wewe mwenyewe. Unataka shule?"

Akatikisa kichwa kukubali, mara nyingi, haraka haraka, machozi yakamlengalenga. "Nataka, madam. Ila nikisimama mbele yake maneno hayatoki."

Hapo ndipo nilipovuta pumzi nimshauri. Nilikuwa na ushauri mzuri sana, ninaukumbuka hadi leo. Nikafungua mdomo, ikatoka sauti ya kifaranga. Sauti yangu ilikuwa imekwisha kabisa kwa kugombana na ndege. Nikajaribu tena, kifaranga tena. Nyamizi akanitazama, akajibana, akashindwa, akacheka mpaka akakaa chini. Nami nikacheka bila sauti, dungu likatikisika, nikashika nguzo nikidhani tunaanguka, naye akazidi kucheka.

Na katikati ya kicheko hicho, bila kupanga, akasimama, akageukia kule mtoni ambako kofia ya baba yake ilionekana kwa mbali, akajaza kifua.

"Babaaa! Nataka kurudi shuleee!"

Nadhani hakutegemea kusikika. Mzee alikuwa mbali mno. Ila kwenye dungu la jirani kulikuwa na mama mmoja wa Kipogoro, mtu mzima, mnene, aliyekuwa amesinzia. Kelele ikamwamsha, desturi ikamsimamisha. Hata macho hajafungua vizuri, akageukia mbele akaipokea ilivyo, "Nataka kurudi shuleee!"

Kwenye dungu la pili alikuwapo babu mmoja. Naye hakusita, "Nataka kurudi shuleee!"

Wa mbele yake akapokea. Wa mbele yake akapokea. Wanaume wenye ndevu, kina mama wenye wajukuu, mvuvi aliyekuwa anapita na mtumbwi wake mtoni, kila mmoja akipaza sauti kwa bidii zote. Kwa dakika zile bonde zima lilitaka kurudi shule. Nilikaa juu ya mbao za dungu nikishika mbavu. Siri ya mwanafunzi, ile niliyoilinda hata Mkuu asiijue, ilikuwa imefika mtoni.

Kofia ikasimama. Nyamizi aliacha kucheka, akanishika mkono, na vidole vyake vilikuwa vya baridi juani. Ndege walishuka upande wa kulia wakala walichotaka, hakuna aliyewajali.

Kisha jibu likaanza kurudi, mdomo hadi mdomo, mpaka kwa yule mama wa Kipogoro, ambaye sasa alikuwa macho kabisa na anafurahia. "Na ndegeee?"

Nyamizi akanitazama. Niliinua mkono kuomba tuzungumze kwanza sisi wawili. Yeye akaelewa vingine. "Madam atakuja Jumamosiii!"

"Madam atakuja Jumamosiii!" akapokea mama. Ikaenda zake, na kifaranga changu hakikuweza kuikimbiza. Ilipofika mwisho, kilichorudi kwanza ni kicheko, maana nacho kilipokezwa. Yule mama akaongeza la kwake, "Na siku nyingine tutaangalia sisiii!" Halafu likaja, kutoka mtoni, kwa babu, kwa mama, neno moja ambalo kila mmoja alilirefusha alivyoweza.

"Arudiii!"

Nyamizi alinikumbatia na debe langu kwa pamoja. Jioni Mzee Masalu alirudi, akakaa kwenye tuta akakamua matope kwenye suruali. "Nimemsikia," akasema. "Midomo ilikuwa ya watu, lakini maneno ni ya kwake. Sisi tutakwenda Mlimba. Yeye abaki, na wewe ndiye utakayemwangalia." Nikaitikia kwa kichwa. "Na Jumamosi usichelewe," akaongeza, "ndege wanaamka mapema."

Nilikwenda Jumamosi zote hadi mavuno. Msiniulize kama ilikuwa kwenye maelezo ya kazi.

Lakini mchana wa Jumatatu ile ya kwanza nilikuwa ofisini, sina sauti hata ya kumwita paka. Nyamizi akaingia. Hakusema anatafuta rula. Akakaa kwenye kiti chake, akatazama nje, akasubiri nianze. Nikanyoosha kidole kwenye koo na kutikisa kichwa. Akasubiri kidogo tena, kwa heshima, labda ingerudi. Haikurudi. Tukatazama miti. Na baada ya kimya ambacho katika siku za kawaida nisingekivumilia hata nusu, akaanza mwenyewe.

Akasema akiulizwa swali darasani, jibu analo. Ila linaamka kwa Kisukuma, anaona lazima alipitishe kwenye Kiswahili, ndipo alivalishe Kiingereza, na linapokuwa tayari mwalimu ameshamgeukia mwingine. Anabaki amesimama na jibu mkononi, darasa linacheka. Akaamua heri asisimame nalo. Akasema mengine pia, ya geto, ya mama yake, ambayo siyaandiki hapa. Alizungumza mpaka kengele ikalia. Akanyanyuka, akajipangusa sketi, akaniinamia kwa adabu.

"Asante sana kwa ushauri, madam. Leo umenisaidia."

Sikuwa nimetamka hata silabi. Mlango ulipofungwa nilitamani kupiga vigelegele, nikaishia kuruka ruka katikati ya mipira, mwanamke wa umri wangu, na nikapiga teke mmoja ukagonga dirisha.

Nikatoka mbio kumtafuta Kihwelo. Nilimkuta anaelekea darasani kwao Nyamizi. Nikachukua chaki mkononi mwake, nikaandika kwenye ukuta wa varanda, "Msubiri." Akasoma. "Nimsubiri nani?" Nikaandika jina. Akanitazama nilivyo, matope ya Jumamosi bado kwenye kucha, natweta, sina sauti, nacheka. Akafuta ukuta kwa kiganja, akachukua chaki yake na kusema, "Sawa," kisha akaingia darasani.

Nilisimama chini ya dirisha lao, jambo ambalo mnasihi hapaswi kufanya. Nikamsikia akiuliza swali na kutaja jina. Kiti kikakwaruza sakafu. Kimya. Wengine wakaanza kuchekacheka, Kihwelo akagonga meza, wakanyamaza. Akasubiri. Nilimsikia akitembea hadi ubaoni na kurudi, na mtu yule kusubiri hakukuwa kwenye damu yake.

Ndipo jibu likatoka. Lilikuwa la Kiingereza, refu, limenyooka mwanzo mpaka mwisho, na lilitoka kwa sauti ile ile ya kufukuzia kweleakwelea. Madarasa ya jirani yakanyamaza. Njiwa wakaruka kwenye paa. Nikasikia chaki ikianguka, kisha Kihwelo, aliyekuwa anawachapa watu kwa kuongea Kiswahili kwenye kipindi chake, akasema kwa Kiswahili kitupu:

"Umepata, mwanangu. Umepata kabisa. Ila punguza kidogo, nipo hapa hapa karibu."